Kutoka kuchora manila za walimu mpaka kushona vitabu kwa mkono: safari yangu ya kuchora vitabu hapa Moshi (uzi mrefu)

Mchora_Rau

Wakuu habari za jioni. Kila nikiweka picha ya kazi yangu watu wananifuata inbox na swali ni lile lile, "mimi najua kuchora, nafanyaje nichore vitabu vya watoto?" Nimeona niandike hapa mara moja kila mtu asome, ni ndefu so mwenye haraka aweke alama atarudi.

Niseme msimamo wangu mapema maana najua wapo watakaonipinga. Kilichonifanya niwe mchoraji wa vitabu sio kuchora, ni kushona vitabu kwa mkono. Mkono wa kuchora nilikuwa nao toka primary, wapo wengi tu wenye mkono kuliko mimi hapa Moshi na wanaishia kuandika mabango ya saluni. Kitabu ni kitu kingine kabisa, kina mkunjo, kina mgongo, kina upande unaofunguliwa, na mchoraji asiyekijua kitabu anachora picha nzuri ambazo zikiingia kwenye kitabu zinakufa.

Chanzo cha yote ni magazeti ya Sani. Mjomba alikuwa na rundo lake chumbani, yale ya kina Madenge, Lodilofa, Ndumilakuwili, Pimbi, na mimi hata kusoma vizuri nilikuwa sijui lakini nilikuwa naelewa kila kitu. Hapo ndo palinikaa kichwani kwamba mwili wa mtu unaongea. Madenge akiwa amefanya utundu huhitaji kusoma, mabega yake tu yanakuambia. Mpaka leo nikianza mhusika mpya naanza na mabega na magoti, sura inakuja mwisho.

Sekondari nikawa nachorea walimu manila, mfumo wa chakula, jicho, ua, ramani ya mito. Walimu walikuwa wananipa hela ya kalamu na wengine chakula, na ile ndo ilikuwa shule yangu ya kwanza ya kweli maana mchoro wa manila lazima mtoto aliyekaa dawati la nyuma kabisa auone. Baadae mabango: bucha, saluni, mbao za duka za kina mangi. Bango linakufundisha kutotetemeka, ukishaweka brashi kwenye bati huna raba.

Kazi ya kwanza ya kitabu nilipewa na watu wa mradi mmoja wa maji, kijitabu cha kurasa 16 cha kufundisha watoto kunawa mikono. Nikachora kila picha kwa moyo wote, bibi anamwagia mjukuu maji na kibuyu, mgomba nyuma, kuku, yaani ile picha naipenda mpaka kesho. Kijitabu kilipotoka aliyepanga kurasa alikuwa ameisambaza hiyo picha kurasa mbili na sura ya bibi imeingia kwenye mkunjo katikati, pini imepita shavuni. Nilikaa nacho jioni nzima. Nikachukua kisu nikafungua pini zote mbili nikatandaza karatasi mezani, nikakuta ukurasa wa 1 umekaa karatasi moja na ukurasa wa 16, ukurasa wa 2 uko na wa 15, wa 3 na wa 14, wa 4 na wa 13. Kila jozi ukijumlisha unapata 17. Kumbe picha ninazochora zikifuatana zinaenda kukaa na majirani ambao sikuwachagua, na kwenye kijitabu kizima ni sehemu moja tu, pale katikati kurasa za 8 na 9, ambapo picha ya kurasa mbili inakaa kwenye karatasi moja bila kukatwa.

Aisee hiyo jioni ndo naihesabu kuwa mwanzo wa kazi yangu. Naendelea chini, ngoja nipate chai.

Kiborloni_Boy

Mkuu nafuatilia, lete vitu. Hiyo hesabu ya 17 nimeijaribu sasa hivi na daftari la dogo, ni kweli kabisa aisee.

Njiro Mwanasanaa

Nipo Arusha, nachora kwa tablet. Swali langu bro, sasa hivi programu zinapanga kurasa zenyewe, kwanini mtu ahangaike na sindano na uzi? Sikupingi, nataka kuelewa.

Mchora_Rau

@Njiro Mwanasanaa swali zuri sana. Programu inapanga kurasa, ila haikuambii mtoto atasikia nini akifunua. Hicho unakijua tu ukiwa na kitabu mkononi.

Chukua karatasi mbili za A4, kunja, unapata kurasa nane. Chora hadithi humo kwa penseli, vijimtu vya fimbo vinatosha. Sasa funua kama mtoto. Utaona ukurasa wa kulia ndo unaobeba swali, maana jicho linaishia pale kabla ya kufunua, na ukurasa wa kushoto unaofuata ndo unaotoa jibu. Kama fisi anatokea, asitokee kulia wakati maandishi ya kushoto bado yanamtambulisha, mtoto keshamuona na hofu imeisha. Mfiche nyuma ya ukurasa. Mimi kila kitabu ninachochora sasa, hata kama kinaenda kuchapwa na mashine kubwa Dar, lazima kwanza nikitengeneze kwa mkono kidogo cha ukubwa wa kiganja, nakiita dami, nakitembeza kwa watoto wa jirani naangalia vidole vyao. Mtoto akirudi nyuma kuangalia tena, ukurasa huo umepona. Akiruka, nachora upya.

Alafu ile dami nikimpelekea mchapishaji anaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho barua pepe ndefu haielezi. Kazi zangu tatu kubwa nilizipata kwa kuweka dami mezani.

Sasa niendelee na safari.

Baada ya kile kijitabu cha maji nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha kujalidi, yaani kushona kurasa na kuzivisha jalada. Kuna mzee alikuwa fundi kwenye kiwanda cha uchapaji, amestaafu, kazi yake sasa ni kufufua vitabu vya nyimbo na madaftari ya ubatizo ya usharika, vile ambavyo vimechoka mgongo. Nikamfuata nikampa shikamoo nikamwambia baba nataka kujifunza. Hakunipa sindano. Alinipa karatasi akaniambia nichane kipande kwa urefu na kingine kwa upana. Upande mmoja ukachanika umenyooka, upande wa pili ukaenda ovyo. Akasema karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina njia zake, na ukikunja kinyume nazo kitabu kitakupinga maisha yake yote.

Hili watu wengi hawalijui na ndo maana vitabu vyao vya A5 vinakaa vimefumbuka kama vinataka kuongea. Karatasi nyingi za A4 za steshenari nyuzi zake zinaenda kwa urefu, ukizikunja kupata A5 unakunja kukatisha nyuzi. Dawa: nunua A3 ambayo nyuzi zake zinaenda kwa urefu, ikate katikati upate A4 mbili, hapo nyuzi zinakuwa zinalala sambamba na mkunjo na kijitabu kinalala chini kimetulia. Huna uhakika nyuzi zinaenda wapi? Kata kipande cha mraba, lowanisha upande mmoja. Kinajiviringa kama bomba, na bomba linalala kufuata nyuzi.

Mama_Tuma

Jamani kaka ubarikiwe. Mimi nafundisha darasa la pili huku Machame, vitabu vya kusoma darasani havitoshi, watoto wanagawana. Hiyo ya kushona naweza kufanya na watoto? Vifaa ni vya bei?

Mchora_Rau

Shikamoo mwalimu. Unaweza na ni rahisi. Vifaa vyote nimevipata kwa mafundi wa hapa hapa mjini. Msharasi wa kutobolea ni ule wa fundi viatu, uzi pia ni wa fundi viatu, ule mwembamba, na kipande cha nta ya nyuki cha kuupitishia usijikunje na usikate karatasi. Kwa watoto toboa wewe mwenyewe, wao washone na sindano butu ya sufu.

Mshono wa matundu matatu, fuata taratibu: kunja karatasi zako pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, la katikati kwanza, alafu juu na chini. Ingia na sindano kwa ndani tundu la katikati, toka nje, acha mkia wa uzi ndani. Kwa nje panda hadi tundu la juu, ingia ndani. Kwa ndani shuka moja kwa moja hadi tundu la chini ukiruka la katikati, toka nje. Kwa nje panda, rudi ndani kupitia katikati. Sasa una mikia miwili ndani, hakikisha mmoja uko kushoto mwa ule uzi mrefu na mwingine kulia, ndo ufunge fundo juu yake. Vuta kufuata mkunjo usivute kwa juu utachana.

Darasa la pili wataweza. Kila mtoto aandike hadithi ya kwao nyumbani achore, mkibadilishana darasa zima mna maktaba. Tena watoto hushika kitabu walichoshona wenyewe kwa heshima kubwa sana, nimeona kwa macho yangu, hawakikunji sikio.

Kalamu Nyeusi

Mkuu mimi nitakuwa mkweli. Hivi vitabu vya mkono ni mambo ya wazungu, hobi ya watu wenye muda. Huku kwetu mtu anataka kitabu cha bei rahisi asome basi.

Mchora_Rau

@Kalamu Nyeusi nashukuru kwa kusema wazi, ila hapo kwenye "mambo ya wazungu" hapana mkuu, hapo nitasimama.

Ethiopia hapo juu, kwenye monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, kuna Injili zimeandikwa kwa Kigeez, lugha ya kale ya huko, kwenye ngozi. Wataalamu wamezipima kwa kaboni wakapata ni za kati ya mwaka 330 na 650. Na zina picha ndani! Wainjilisti wamechorwa kwa rangi, wapo mpaka leo. Yaani kuna mtu alikaa huko milimani akachora picha za kitabu miaka mia nane au zaidi kabla ya Gutenberg, yule wa mashine ya kuchapa Ulaya. Mimi yule namuita babu yangu wa kazi. Na kujalidi kwa Kiethiopia, mbao mbili na mshono wa mnyororo mgongoni bila gundi, ndo mshono ninaotumia kwenye madaftari yangu ya gharama, maana kitabu kinafunguka kikalala flati kabisa na mchoraji anapaka rangi bila kukishikilia.

Na huku pwani yetu, Siyu kwenye kisiwa cha Pate, karne ya 18 na 19 kulikuwa na waandishi wanaonakili misahafu kwa mkono, wanapamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, mafundo na maua pembezoni. Hao ni watu wa Uswahilini, wino wao, karatasi iliyokuja na majahazi. Nikiona picha za zile kurasa naona na mkeka na mlango wa kuchonga humo humo. Pambizo za kitabu changu cha pili nilizichora nikiwa nimebandika picha hizo ukutani, kutwa naziangalia.

Hilo la bei nakubaliana na wewe kabisa, kitabu cha kusoma kiwe rahisi na kichapwe kwa wingi, mimi mwenyewe nachorea vya hivyo na najivunia. Cha mkono kina kazi nyingine, kinamfundisha mchoraji, na kinakaa nyumbani mwa mtu miaka mingi.

Kalamu Nyeusi

Hiyo ya Ethiopia sikuwahi kuisikia. Nimekuelewa mkuu, endelea.

Njiro Mwanasanaa

Na karatasi? Niliona umewahi kuweka picha ya karatasi ya mgomba. Ni wewe uliitengeneza?

Mchora_Rau

Ndio, kihambani kwa bibi Kibosho. Mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena, shina linakatwa, sehemu kubwa inaenda kwa ng'ombe na mimi napewa iliyobaki. Bibi mwanzo alikuwa ananishangaa, sasa hivi ananiwekea mwenyewe.

Unamenya yale magamba ya shina, unakatakata vipande vya kidole, unachemsha masaa kadhaa na maji ya majivu mpaka ukivuta kipande kinaachia chenyewe. Sehemu hii usiharakishe, majivu ndo yanayolegeza ile gundi inayoshika nyuzi. Vaa glavu, maji hayo yanakula ngozi. Suuza, suuza tena mpaka maji yawe meupe na utelezi uishe. Alafu kwenye kinu, twanga. Hapa ndo mkono unauma! Nyuzi zikishakuwa kama uji mwepesi unazimwaga kwenye beseni la maji, unakoroga, unazamisha fremu ya mbao yenye wavu wa dirishani, unainyanyua taratibu ikiwa imelala sawa, unaitikisa kidogo kushoto kulia nyuzi zishikane. Maji yakichuja unaigeuzia kwenye kipande cha shuka, unakandamiza, unaning'iniza.

Ikikauka ina rangi ya chai ya maziwa na vidoa vyeusi, na ukiipitisha mbele ya dirisha unaona nyuzi zinavyopishana. Wino ukiigusa tu unakimbia, so lazima uipake kwanza uji mwepesi wa ngano au gelatini. Kwa kava ni nzuri mno. Kipindi cha masika sitengenezi, inachukua siku nyingi kukauka na inaota ukungu.

Kava zingine natumia kitenge, ila bandika karatasi nyembamba nyuma ya kitenge kwanza la sivyo gundi inapenya mbele inaacha baka. Gundi yangu ni uji wa ngano na gundi nyeupe ya maseremala nachanganya, na matone ya mafuta ya karafuu kusaidia ukungu usiwahi.

Kiborloni_Boy

Sasa mkuu tuambie mkwanja. Inalipa?

Mchora_Rau

Kuchora vitabu peke yake kuna miezi ya ukame, nisikudanganye. Kazi ya mchapishaji inakuja, inaisha, malipo yanachelewa. Madaftari ya kushona ndo yananivusha, kidogo cha mfukoni nauza 15,000, kikubwa cha kujalidi cha mgomba 45,000 na zaidi, wanunuzi wengi ni wageni wanaokuja kupanda mlima, na watu wetu wananunua kwa ajili ya harusi, kitabu cha wageni kusaini. Hiyo ya harusi sikuitegemea na sasa ndo oda kubwa.

Kuna hatua moja nataka niitaje hapa. Kitabu changu cha kwanza ambacho nimeandika, nimechora, nimeprinti na kushona mwenyewe. Kava tuliprinti na jamaa anayeprinti tisheti kwa skrini mjini (ile fremu ya wavu unaopitisha rangi), rangi mbili tu, bluu na machungwa. Wazo nililipata kwa Tara Books wa Chennai, India. Wameanza 1994, na wana vitabu vinavyoprintiwa kwa skrini kwa mkono kwenye karatasi ya mkono na kila kopi inaandikwa namba yake. Nilipojua nikasema kumbe fundi wa tisheti anaweza kuwa mchapaji wa vitabu. Rangi ya kwanza ikikauka unaweka ya pili, pale zinapolaliana inatokea ya tatu, kahawia nzito tamu, na hakuna kopi mbili zinazofanana. Ni kama Edward Saidi Tingatinga Dar mwaka 1968, alichukua hardboard na rangi za kupakia baiskeli akafanya yake. Hakusubiri kontena la vifaa toka nje.

Pangani Road

Na haki zako je? Mdogo wangu alichorea watu picha, mwaka uliofuata akazikuta kwenye kalenda.

Mchora_Rau

Pole yake, na mimi yamenikuta, picha za kitabu zikaonekana kwenye mabango ya sehemu nyingine kabisa. Jambo la kujua ni hili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inakulinda toka unapomaliza kuchora, na ulinzi unaenda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Lakini mengi yanaamuliwa na mkataba. Soma kama imeandikwa unauza haki zote au unaruhusu zitumike kwenye kitabu hiki, kwa lugha hizi, kwa toleo hili. Ukiuza zote, bei iwe ya kuuza zote. Michoro halisi ibaki kwako, na jina lako liwe kwenye kava, sio ukurasa wa ndani kwa herufi za sisimizi. Hili la jina mimi silegezi.

Kwa mwenye ndoto za mbali, maonyesho ya vitabu vya watoto Bologna, Italia, wana shindano la wachoraji, unatuma picha tano za mfululizo mmoja. Na msidhani ni mbali na sisi, John Kilaka wetu anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, vitabu vyake vilianza kutoka Uswisi kwa Kijerumani ndo vikasambaa lugha nyingine, hadithi zenyewe za wanyama za huku huku. Nikiwa nimekata tamaa huwa namkumbuka yeye.

Mama_Tuma

Kaka nimeongea na mwalimu mkuu amekubali. Tuna watoto 38, karatasi tunazo za mitihani zilizoandikwa upande mmoja, zitafaa?

Mchora_Rau

Zinafaa sana mwalimu. Kila karatasi ikunjeni katikati kwa upana, upande ulioandikwa ukae ndani umefichwa. Alafu zipangeni moja juu ya nyingine, mikunjo yote upande mmoja, mtoboe kando kando pale zinapofunguka na mshone hapo. Mnapata kurasa nyeupe pande zote na ni imara maana kila ukurasa ni karatasi mbili. Acheni nafasi ya vidole viwili upande wa mshono wasichore hapo. Sita kwa kila mtoto zinatosha.

Mimi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nipo huru, nitapanda na daladala ya asubuhi. Nitabeba misharasi, nta na uzi wa kutosha watoto wote, pamoja na vile vidami vyangu wavishike. Nyie wekeni penseli, na kama kuna mtoto ana bibi mwenye hadithi, bibi aje naye.